Tukutuku Iliyouzwa Kama Ilivyo

Mtu akiniambia anakwenda mnadani kununua pikipiki ya zamani, eti aje aiuze kwa wale wanaokusanya vitu vya kale, mimi humtazama usoni nione kama ana homa. Kama hana, namwachia njia apite. Sina haja ya kumshika mkono. Mimi mwenyewe nilishikwa mkono, nikaambiwa, nikauchomoa nikaenda zangu, tena nimevaa tai.

Tai! Nani huvaa tai kwenda shamba la mkonge? Nilikuwa karani wa vifurushi katika stesheni ya Voi, miaka ya sabini, sijaoa, na shati langu jeupe lilipigwa pasi kila asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kupima mizigo kwenye mizani, kuandika risiti na kubandika karatasi. Lakini ungenisikia nikisema na wabeba mizigo, ungedhani reli yote toka Mombasa hadi Kisumu niliijenga mimi kwa mikono yangu.

Mama yangu aliishi Sagalla, juu mlimani, peke yake tangu baba alipofariki. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alisumbuliwa na kitu kimoja tu, nacho ni maji. Chemchemi ilikuwa chini bondeni, na njia yake ilikuwa ya mawe yanayoteleza hata wakati wa jua. Kiangazi kikikaza, maji yalitoka kidogo kidogo, na wanawake walipanga madebe yao wakangoja zamu mpaka jua likawachoma utosini. Kisha kupanda na debe limejaa. Mama alikuwa ameshapita umri wa mambo hayo, na magoti yake yalimwambia hivyo kila siku.

Kilichomwudhi zaidi ni kwamba nyumba yake ilikuwa na paa la mabati. Mvua ikinyesha, maji yalimwagika pande zote, yakapita uani na kuteremka mlimani, naye amesimama mlangoni anayatazama. "Mvua yangu hiyo inakwenda Voi," alikuwa akisema. "Mimi nikiitaka nipande gari moshi niifuate."

Basi akauza mtamba wake. Ng'ombe wake alikuwa huyo huyo mmoja. Akaja nazo pesa mpaka stesheni, zimefungwa kwenye pembe ya leso, akanitolea pale pale dirishani mbele ya watu waliokuja kuchukua vifurushi vyao. Akaniambia, "Baba, usiniletee sukari. Usiniletee kanga. Niletee tangi."

"Mama, wewe hesabu tangi limefika," nikamjibu, nikiona haya kwamba karani analetewa pesa kwenye leso.

Akarudi Sagalla, na siku ya pili akaanza kujenga msingi wa kuliwekea. Alikusanya mawe mwenyewe, moja moja, akayapanga mviringo pembeni mwa nyumba, akashindilia udongo juu. Niliukuta msingi huo nilipokwenda kumsalimia. Ulikuwa umenyooka kuliko kazi ya mafundi wengi ninaowajua.

Sasa sikilizeni upumbavu ulivyoingia.

Siku hizo alikuja mzungu mmoja ofisini kwetu kusafirisha pikipiki hadi bandarini Mombasa. Nasema pikipiki kwa heshima tu. Ilikuwa chuma chenye kutu ambacho kilikaa nyuma ya duka moja la Voi miaka na miaka, kuku wakitagia kwenye kiti chake. Mwenye duka alikuwa amelipwa vizuri sana, mpaka akaezeka duka lake upya na kuanza kutusalimu akiwa ameinua kidevu. Nilipokuwa nikiandika risiti nikamwuliza yule mzungu takataka hii aipeleka wapi. Akanieleza kwamba wakati wa vita vya kwanza, vile vya Wajerumani upande wa Taveta, askari walipeleka barua kwa pikipiki kama hizo, na kwao Ulaya kuna watu wanaozitafuta usiku na mchana. Alikuwa akitafuta nyingine. Kiswahili chake kilikuwa kile cha shambani.

"Mimi hapana taka ya kupaka rangi," alisema. "Hapana taka ya kutengeneza. Mimi nataka kama ilivyo. Wewe sikia? Kama ilivyo!"

Nilisikia. Maneno hayo mawili niliyameza nikayafungia. Alisema atarudi baada ya miezi mitatu, na kama nitakuwa nimempatia moja, nimwambie.

Haikupita wiki mbili, tangazo likabandikwa ukutani karibu na soko. Mwenye shamba moja la mkonge, mbele ya Mraru kwenye barabara ya Taveta, alikuwa akifunga virago kurudi kwao, na vitu vyake vyote vingeuzwa kwa mnada. Nikasoma orodha: matrekta, vitanda, meza, mashine ya kushonea magunia. Halafu, mstari mmoja chini ya mwingine: pikipiki kuukuu, moja. Tangi la maji la mabati, moja.

Mtu mwenye akili zake angesema, tangi hilo hapo, twende tukalinunue. Mimi nikapiga hesabu za kikarani. Nitanunua pikipiki kwa pesa za mtamba, mzungu atarudi anilipe mara kadhaa, na mama nitamnunulia tangi jipya kubwa, na gata za mabati za kukingia maji ya paa kuzunguka nyumba nzima, na kanga pia hata kama hakutaka. Nilijiona mwana mwema kupita kiasi. Nilitembea Voi siku ile nikitabasamu peke yangu kama punguani.

Nilichukua na mtaalamu. Jameni, mtaalamu! Alikuwa fundi wa baiskeli aliyekaa karibu na stendi, mtu ambaye maishani mwake hajafungua injini yoyote, lakini nilimwahidi chapati na nyama naye akakubali kwamba anazijua pikipiki vizuri sana. Ni yeye pia aliyenishika mkono, siwezi kumnyima hilo. Tulipofika aliniambia, "Karani, mimi ningeuliza kwanza kama inawaka." Nikamwambia aache mambo ya baiskeli.

Tulichelewa kufika. Kumbe siku ya kukagua vitu ilikuwa jana yake, na sisi tulikuta vimezungushiwa kamba, ruhusa kutazama kwa macho tu. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ilikuwa imejaa vumbi jekundu toka taa ya mbele mpaka gurudumu la nyuma, na vumbi lile ndilo lililonimaliza. Nilijiambia, hii haijaguswa tangu vita viishe. Leo nikiikumbuka naona kila kitu. Vumbi lilikuwa limeshika hata upande wa chini, mahali ambapo vumbi halitui, kwa sababu lilikuwa limepakwa kwa oili na mkono wa mtu. Lakini karani aliyezoea kukagua kama kifurushi kimefunguliwa njiani hakuliona hilo. Fundi wangu alinyoosha shingo juu ya kamba, akanusa, akasema, "Hii ni chuma." Nikamwona ametoa hukumu ya maana.

Dalali alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri barabarani. Alisimama juu ya meza ndogo, fimbo mkononi, akauza vitanda na meza kwa kasi mpaka watu wakachanganyikiwa wamenunua nini. Kisha akaelekeza fimbo ukutani.

"Haya, pikipiki! Ya zamani, ya vita! Inauzwa kama ilivyo, pale ilipo!"

Kama ilivyo!

Nilimpiga kiwiko fundi wangu nikamnong'oneza, "Umesikia? Amesema kama ilivyo!" Nilidhani dalali anaisifu. Nilidhani na yeye anajua yale mzungu aliyoniambia, kwamba haijapakwa wala kutengenezwa, iko vile ilivyotoka kiwandani. Kila mtu mle uwanjani aliyewahi kukanyaga mnada alijua maana ya maneno yale. Maana yake ni kwamba ukishalipa, hata ukikuta ndani yake kuna kiota cha panya badala ya injini, usirudi hapa kutusumbua. Dalali alikuwa akituonya, kwa Kiswahili safi, kwa sauti ya juu, mimi nikacheka kwa furaha.

Nikataja bei. Mtu mmoja mwenye kofia ya kahawia akataja juu yangu. Nikapanda, akapanda. Nikimtazama, yeye anatazama matrekta, kama mtu asiyejali. Nikamchukia yule mtu! Nikaona anataka kuninyang'anya tangi la mama yangu mdomoni, nikapanda mpaka nikafika mwisho wa leso. Hapo kofia ya kahawia ikatikisa kichwa, ikanyamaza. Fimbo ikagonga meza. Watu kadhaa walinigeukia, na nikadhani wananionea wivu.

Nilifungua leso ya mama pale mbele ya karani wa dalali nikaitoa yote. Sikubakiza nauli.

Lililofuata lilikuwa tangi. Lilibingirishwa mpaka katikati, la mabati, lina kibonyeo kidogo ubavuni, basi. Karibu yangu alikuwa amesimama jirani yetu wa Sagalla, mzee wa kanisa ambaye ua wake umepakana na wa mama. Sikujua kama amekuja. Akanisogelea kwa adabu zake.

"Kijana wangu, mama yako alisema unamtafutia tangi. Kama unalitaka hili, mimi sitafungua mdomo. Siwezi kushindana naye."

Naye alikuwa na shida ile ile ya maji, tena ana watoto nyumbani. Ningeweza kumwambia ukweli: mzee, pesa zimekwisha, nimenunua takataka, nisaidie. Angenisaidia yule. Badala yake nikanyoosha tai yangu nikamwambia, "Chukua tu wewe, mzee. La mama nitanunua kubwa zaidi ya hili."

"Una hakika?"

"Chukua, chukua." Kama mtu anayegawa vitu vyake.

Akalipata kwa bei ya chini ya nusu ya niliyotoa mimi. Nalo liliuzwa kama ilivyo. Lilivyokuwa ni kwamba lilikuwa zima.

Mnada ulipomalizika nilimwona mwenye kofia ya kahawia akibeba ile meza ndogo ya dalali, na fimbo yake, akivipakia kwenye pikapu ya dalali. Kisha akaingia mbele, akakaa kando yake, wakaondoka wakicheka. Fundi wangu aliwatazama mpaka vumbi lao likatulia, akaniuliza chapati tutakula wapi.

Kwenye kota za reli nilikoishi hawakuruhusu vyuma uani, kwa hiyo ilibidi niipeleke Sagalla. Dereva wa lori la mawe alinihurumia akaipakia bure, na pale barabara ilipomshinda, wanaume wanne wakanisaidia kuisukuma. Hakuna gurudumu lililozunguka vizuri. Habari ilikuwa imetangulia kwamba mwana wa fulani anakuja na mzigo mkubwa, na wanawake waliokuwa wakienda chemchemi pamoja na mama walikuwa wamekusanyika uani kulipokea tangi. Walianza vigelegele tulipokuwa bado nyuma ya migomba. Tulipotokea, vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Mama alikuwa amesimama kando ya msingi wake wa mawe. Alikuwa ameufagia.

"Tukutuku?" akasema. Hivyo ndivyo watu wa umri wake walivyoiita pikipiki.

"Ni mali hii, Mama. Mzungu anakuja kuichukua."

"Na tangi liko wapi?"

Hapo nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka mpaka leo natamani kujizaba kofi. Watu walikuwa wakinitazama, na sikutaka kuonekana mjinga, kwa hiyo nikafanya mzaha. Nikaligonga tangi la petroli la ile pikipiki, likalia kama kopo tupu. "Si hili hapa, Mama? Tangi si tangi?"

Watu wawili watatu walicheka. Mama hakucheka, wala hakugomba. Alilitazama lile tangi, akanitazama mimi. Halafu akachukua debe lake mlangoni akashuka na wenzake chemchemi, maana zamu yake ilikuwa inampita. Sisi tukaiinua pikipiki tukaiweka juu ya ule msingi, kwa sababu ndipo palipokuwa pamesawazishwa.

Mzungu alirudi kweli. Nilimpandisha mlima nikiwa na tai yangu. Alipoiona kwa mbali aliharakisha, alipoikaribia akapunguza mwendo. Akatoa tochi ndogo, akapiga magoti, akasoma namba zilizogongwa kwenye chuma. Akafuta vumbi kwa kidole, akakinusa kidole, akanionyesha weusi wa oili. Taa ya mbele ilikuwa ya trekta. Fremu ilikuwa ya pikipiki ya juzi juzi tu. Magurudumu hayakuwa ndugu. Na injini, alisema, haikuwa ya pikipiki hata kidogo. Ilikuwa ya pampu ya kuvutia maji, tena haina pistoni.

Ya pampu ya maji! Nilikuwa nimetumwa maji, nikatumia ng'ombe wa mama yangu kununua pampu isiyovuta, na nikaileta mlimani pasipo na kisima.

"Lakini wao sema kama ilivyo," nikamwambia, na nikajisikia nikiongea Kiswahili chake.

Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo," akasema. "Hii ndiyo ilivyo."

Kitu kimoja tu kilikuwa cha kweli. Tangi la petroli, alisema, lilikuwa lenyewe la zamani, ingawa chini limetoboka kwa kutu. Alikuwa tayari kulinunua hilo peke yake. Hazingekuwa pesa za kununulia tangi la maji, lakini gata zingepatikana, na labda pipa la kuanzia. Nami nikasemaje? Nikamwambia, chukua yote au acha yote. Ndiyo, nilisema hivyo, nimesimama uani kwa mama yangu, sina senti mfukoni. Nilikuwa nimedhihakiwa na dalali na kofia ya kahawia, basi nikataka angalau mtu mmoja aone kwamba mimi si wa kuchezewa. Mzungu akainua mabega, akamshukuru mama kwa chai, akateremka. Hakurudi tena.

Mvua za vuli zilikuja kubwa mwaka ule, kama kwa makusudi. Nilikuwa nimekwenda Sagalla Jumapili moja zilipoanza. Tulisikia maji yakiingia kwenye tangi la jirani, kwanza kwa kishindo, kisha sauti ikawa nzito zaidi kadiri lilivyojaa, na watoto wake wakipiga mayowe. Kwetu yalimwagika juu ya pikipiki, yakaosha lile vumbi la uongo, yakapita uani yakateremka Voi. Mama alisimama mlangoni akayatazama. Mimi nilikaa ndani.

Kiangazi kilichofuata, Mama akipanda kutoka chemchemi na debe, jiwe lilimtoka chini ya mguu. Alianguka akavunjika nyonga. Waliomkuta walisema jambo la kwanza aliloulizia ni maji, kama yamemwagika yote. Yalikuwa yamemwagika yote.

Alilala hospitalini muda mrefu, na alipotoka alitembea kwa mkongojo, kutoka kitandani hadi mlangoni na kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha uani. Maji aliletewa kutoka ua wa jirani. Kila asubuhi yule mzee wa kanisa alimjazia madebe mawili kutoka tangi lile la mnadani na kuyaleta mwenyewe, na hakuwahi hata siku moja kunikumbusha maneno niliyomwambia. Afadhali angenikumbusha. Ningepata mtu wa kugombana naye.

Tangi nilikuja kununua, ndiyo. Ilinichukua miaka miwili ya mshahara, nalo lilikuwa kubwa, jipya, linang'aa, na gata pande zote kama nilivyojisifu. Nilipolifikisha nikataka kuiondoa ile pikipiki ili tutumie msingi. Mama akiwa kwenye kiti chake akainua mkongojo.

"Wacha hapo hapo," akasema. "Hilo lako litafutie msingi wake."

Nikajenga msingi mwingine, nikasubiri amri ya kuiondoa pikipiki, haikuja. Akayatumia maji yale, akapikia, akaoga, akashukuru kwa heshima kama anavyoshukuriwa mtu wa mbali.

Lakini wageni walipokuja, na walikuja wengi, wa kanisani na wa ukoo, macho yao yalivutwa kwanza na ule mfupa wa chuma uliokaa juu ya mawe yaliyopangwa vizuri, huku matangi ya watu yakikaa kwenye misingi ya ovyo. Wakauliza hiki ni nini. Nami mara nyingine nilikuwepo, nimekaa na kikombe cha chai mkononi.

"Hilo ndilo tangi langu," mama alikuwa akiwajibu. "Mwanangu alinitolea mnadani."

Wageni walicheka, wakaonyesha lile kubwa linalong'aa. "Na lile je, Mama?"

"Lile ni la karani wa reli," alisema, na akanyoosha kidogo mguu wake mbovu.